Nimefundisha kwaya miaka 31, nimeondolewa kwa ujumbe wa simu. Huku ndiko kukua kiroho?

Bwana Yesu asifiwe, Mama.

Nina miaka 61. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mlutheri tangu kuzaliwa, nakaa huku migombani Kilimanjaro. Kwaya Kuu ya usharika wetu nimeifundisha miaka 31. Nilipoipokea ilikuwa na waimbaji tisa, na besi mmoja aliyekuwa anaimba sauti ya kwanza kwa chini akidhani hiyo ndiyo besi. Nikaanza nao do, re, mi ubaoni kama watoto wa darasa la kwanza. Wamefika watu 38 wanaosoma noti, na kombe la jimbo tumelileta nyumbani mara mbili. Nyimbo zote nimeziandika kwa mkono wangu katika kaunta buku 14, zimo kwenye kabati la kwaya pale kanisani.

Mwaka juzi tuliletewa mchungaji mpya, kijana. Sina ubaya naye. Anahubiri vizuri na wagonjwa anawatembelea. Lakini hakumaliza miezi sita akaanzisha timu ya kusifu na kuabudu: vijana wanane, maiki nane, kinanda, magitaa mawili na dramu. Tukafanya minada ya ndizi na kuku baada ya ibada mpaka spika zikanunuliwa. Mimi mwenyewe nilimnunua jogoo mmoja mara tatu, kila nikimnunua namrudisha auzwe tena. Sikujua nachangia safari yangu.

Kwanza walipewa wimbo mmoja kabla ya mahubiri. Halafu nusu saa ya mwanzo. Kisha Kwaya Kuu ikabakiwa na Jumapili ya pili ya mwezi. Januari, saa nne usiku, nikasoma kwenye kundi la WhatsApp la usharika kwamba uimbaji umepangwa upya, kwaya zote ziko chini ya mratibu mmoja, na "tunamshukuru Mwalimu kwa utumishi wake". Watu wakaweka maua na mikono ya kuomba. Huyo mratibu ni kijana niliyemfundisha noti akiwa na miaka 11.

Nilipokwenda kwa mchungaji aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba Mkristo asiyekubali mabadiliko amedumaa kiroho. Akanisomea Isaya 43: "Tazama, nitatenda neno jipya, sasa litachipuka, je! hamtalijua sasa?" Nikanyamaza. Utabishana vipi na Isaya?

Si kwamba naumia kwa ajili yangu tu. Nyimbo zenyewe zina maneno manne yanayorudiwa mpaka miguu inachoka. Nyingine ni za Kiingereza. Bibi zetu wanaojua nyimbo za kitabuni kwa moyo, ubeti kwa ubeti, wamekaa kimya wanatazama ukutani maandishi wasiyoyaona. Kwaresima iliyopita tuliruka kana kwamba ni Pasaka.

Najua mambo hubadilika, hata mimi nilibadilisha. Mwaka 1998 ndimi niliyeleta kinanda cha umeme na gitaa, na mzee aliyenifundisha noti akasema nimeingiza dansi kanisani, akaacha kuja ibadani mpaka alipofariki 2003. Alikuwa mgumu, Mungu amrehemu. Lakini lile lilikuwa jambo tofauti. Sisi tulibaki na sauti nne na maneno yenye mafundisho.

Hii ni wiki ya saba sijakanyaga usharika wetu. Naenda ibada ya kwanza usharika wa jirani, nakaa nyuma, narudi. Vijana wamenipigia mara mbili wanataka ufunguo wa kabati, maana wana mazoezi kila Alhamisi saa kumi na moja jioni. Sijawapa. Mke wangu anasema nimekuwa kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Nisaidie, Mama. Kuyakubali haya ndiyo kukua kiroho, au ni kushindwa tu nikakupa jina zuri?

Mwalimu wa Kwaya, Kilimanjaro

*

Shikamoo, Mwalimu. Umenizidi miaka michache tu, lakini walimu wa shule ya msingi mimi nawaamkia hata wakiwa wadogo zangu.

Umekosewa adabu, na hilo nalisema kwanza. Mtu aliyetumika miaka 31 haagwi kwenye simu saa nne usiku. Anaitwa, anakalishwa, anaelezwa na mchungaji na wazee wa kanisa, kisha Jumapili anasimamishwa mbele ya usharika anaombewa. Mchungaji wako, pamoja na kuhubiri vizuri kwake, hapa ana deni. Nimelitanguliza ili tukifika mbele usije ukadhani nimenunuliwa na watu wa spika.

Halafu huyo Isaya. Maneno uliyosomewa yaliandikiwa watu waliokuwa wamepoteza mji, hekalu na mfalme, wapo Babeli wanakula ugeni. "Neno jipya" waliloahidiwa ni njia ya jangwani ya kuwarudisha kwao. Ni aya ya kumfariji aliyenyang'anywa, wewe ukasomewa kama hati ya kunyang'anywa. Usiikasirikie. Kati yako na mchungaji, mwenye haki nayo zaidi ni wewe.

Tusidanganyane pia kwamba kila kipya kimeletwa na Roho Mtakatifu. Mfalme Rehoboamu, mwana wa Sulemani, aliliacha shauri la wazee, akafuata la vijana waliokua pamoja naye, na ufalme ukapasuka vipande viwili. Wachungaji wapya wangeisoma sura hiyo, 1 Wafalme 12, kabla ya kikao chao cha kwanza na baraza. Lakini ukimaliza hapo fungua 2 Wafalme 18. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu mwenyewe, na watu walioumwa na nyoka walimtazama wakapona. Karne nyingi baadaye mfalme Hezekia akamvunjavunja, kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Kilikuwa kitu cha kweli, chenye historia na ushuhuda, na bado kikavunjwa. Kwa hiyo umri wa jambo hautuambii lolote, uwe mkubwa au mdogo.

Sura ninayotaka ukae nayo ni Ezra 3. Wababeli waliliteketeza hekalu la Sulemani mwaka 586 kabla ya Kristo. Inapita kama miaka 50, watu wanarudi, wanaweka msingi wa hekalu jingine. Makuhani wamevaa, wameshika tarumbeta. Wana wa Asafu, waimbaji wa hekalu, wapo na matoazi yao, wanaimba kwa kupokezana. Watu wa idara yako hao, Mwalimu. Vijana waliozaliwa uhamishoni wanapiga kelele za furaha, maana hawajawahi kuona hekalu lolote. Na wazee walioiona nyumba ya kwanza kwa macho yao, makuhani na Walawi wazima, wanalia kwa sauti kuu. Sauti zikachanganyika mpaka aliyekuwa mbali hakuweza kutenga kelele za furaha na kilio.

Nimeisoma sura hiyo miaka mingi nikitafuta mahali wazee wanapokemewa kwamba wamedumaa kiroho. Hapapo. Mwandishi ameacha kilio chao kikae pale kando ya furaha ya vijana, bila kukihukumu. Baadaye ujenzi ukakwama, na mwaka 520 Mungu alipomtuma nabii Hagai aliwauliza wazee hao hao: nani kati yenu aliyeiona nyumba hii katika utukufu wake wa kwanza? Mnaionaje sasa? Si kama si kitu machoni penu? Yaani Mungu mwenyewe alikiri kwamba kilichokuwa kinajengwa kilionekana kidogo. Hakuwaambia wajifanye hawaoni tofauti. Aliwaambia wajipe moyo, wafanye kazi, kwa maana Yeye yuko pamoja nao.

Kwa hiyo lia. Una sababu, na machozi ya mtu aliyejenga kitu kwa miaka 31 si machozi ya mtoto wa mpira (mke wako aniwie radhi hapo, ingawa kwenye mengine nadhani yuko sahihi). Ila tazama wale wazee walilia wakiwa wapi. Walilia uwanjani, penye msingi, bega kwa bega na waliokuwa wakishangilia. Wewe unalia usharika wa jirani, benchi la nyuma, ibada ya kwanza. Hakuna anayekusikia huko. Na furaha ya vijana wako, bila sauti yako kuchanganyika nayo, inabaki kelele za watu wasiojua nyumba ya kwanza ilikuwaje.

Sasa niruhusu nikuguse penye jeraha. Kuna mistari minne kwenye barua yako umeipitisha haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Mzee aliyekufundisha noti. Kinanda cha 1998. Akaacha kuja ibadani, akakaa miaka mitano, akafa. "Alikuwa mgumu."

Nimeisoma mara tatu. Hukuandika kama katika miaka hiyo mitano ulikwenda kumsalimia, nami sikuulizi. Unasema lile lilikuwa jambo tofauti kwa sababu mlibaki na sauti nne. Lakini sauti nne nazo hazikuota migombani. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na wazee waliowapokea walikuwa na nyimbo zao na namna zao za kuitikia, ambazo nyingi hazikuruhusiwa kuvuka mlango wa kanisa. Hiyo do, re, mi yako ya herufi ilitengenezwa Uingereza katika karne ya 19 na mwalimu mmoja wa kike wa mji wa Norwich, Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akaieneza, ili watoto maskini wasio na vyombo waweze kuimba. Kwa babu yake yule mzee wako hilo lilikuwa geni kuliko dramu. Na huyo Luther tunayemsimamia, nyimbo zake za Kijerumani za mwaka 1524 ziliwakera waliozoea Kilatini.

Yule mzee aliketi nyumbani peke yake na maumivu ambayo leo unayajua ladha yake. Naamini Mungu amekuonyesha alivyokuwa anajisikia. Kama watoto wake wapo hapo kijijini, nenda siku moja ukakae nao, uwaambie baba yao ndiye aliyekupa noti. Huna haja ya kueleza zaidi ya hapo.

Umeniuliza kama kukubali ndiko kukua. Neno lenyewe halinitoshi. Unaweza kuzichukia zile spika mpaka siku ya kufa na bado ukakua sana kiroho. Mimi naangalia mahali pengine: je, unaweza kulitaja jina la yule mratibu katika sala ya jioni bila taya kukaza? Samweli alipoambiwa na Israeli kwamba amezeeka, wanataka mfalme, jambo lile lilimchukiza, na wala hakuficha. Baadaye akawaambia kwamba itakuwa dhambi kwake mbele za Bwana kama ataacha kuwaombea, na kwamba ataendelea kuwaelekeza njia njema. Hakuipenda kamwe ile habari ya mfalme. Aliwaombea tu. Sitakutajia Yohana Mbatizaji, aliyesema Yesu hana budi kuzidi na yeye kupungua; najua umeshatajiwa na kila aliyekuja kukupa pole.

Badala yake nitakupa aya ambayo sijawahi kuisikia mimbarani, Hesabu 8, mwishoni. Walawi walianza utumishi wa hema wakiwa na miaka 25, na walipofika 50 waliacha kazi ile. Kwa kipimo hicho umepitiliza miaka 11, Mwalimu, na hakuna aliyekudai. Lakini endelea kusoma: Mlawi wa miaka 50 hakutumwa nyumbani. Alibaki kwenye hema ya kukutania pamoja na ndugu zake, akilinda, akiwasaidia. Alichoachishwa ni ule utumishi wa kila siku. Sheria ile ilijua kuna namna mbili za kutumika, na ya pili haina cheo wala kombe. Hiyo ya pili ndiyo imekufikia, kwa mlango mbaya, nakubali, lakini imekufika.

Na una kazi ndani yake. Hoja ya bibi zetu ni ya kweli. Mtu aliyebeba nyimbo mia kifuani kwa miaka 70 hawezi kuachwa anatazama ukuta. Hoja ya Kwaresima ni ya kweli pia. Kanisa lina majira yake, na kijana asiyefundishwa atafunga na kusherehekea kwa mdundo mmoja mwaka mzima. Zipiganie hizo mbili. Hizo za idadi ya maiki na nani yuko chini ya nani, ziache, maana ukizichanganya pamoja watasikia unagombea kiti tu, na bibi watapotea katikati.

Mwone mchungaji kwanza. Wewe na yeye peke yenu, kama Mathayo 18 inavyosema, usianze na baraza wala usijibu kundini. Mwambie ule ujumbe wa saa nne ulikuumiza namna gani. Sema kwa maneno machache, kisha unyamaze umwache ajibu. Vijana wengi wa siku hizi hawajui kwamba kumuaga mtu kwa simu ni upungufu wa heshima, hakuna aliyewaambia. Ukimaliza hilo, mpelekee ombi lenye ukubwa wa kubebeka: kila ibada nyimbo mbili za kitabuni, kwa sauti za watu tu, vyombo vyote vimezimwa, mwanzilishi awe bibi mmoja pale benchini. Na kabla ya Kwaresima ijayo upewe jioni moja uielezee timu kwa nini kanisa huvaa zambarau. Nadhani atakubali. Akikataa, ombi litakuwa limesemwa, na wewe utakuwa hukuondoka.

Kuhusu mratibu. Ulimfundisha akiwa na miaka 11. Daudi alipopanga waimbaji wa hekalu, watu 288, zamu zao zilipigiwa kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Iko 1 Mambo ya Nyakati 25. Huwa nawaza yule mwalimu ambaye kura ilimwangukia nyuma ya mwanafunzi wake alirudi nyumbani akamwambia nini mkewe. Biblia imemsitiri. Lakini kumbuka huyo kijana amepiga simu mara mbili. Mtu anayetaka kukufuta hakupigii simu mara mbili, anakwenda kwa fundi seremala anabomoa kabati.

Na hapo kwenye kabati ndipo nimebaki nacheka na kusikitika kwa pamoja. Unalalamika kwamba vijana wanaimba maneno manne yasiyo na mafundisho. Kaunta buku 14 zenye mafundisho zimefungiwa kabatini, na ufunguo uko mfukoni mwako.

Alhamisi hii, Mwalimu. Saa kumi na moja. Usiende na hotuba, nenda na ufunguo na miwani yako. Mwachie kijana afungue mwenyewe, wewe kaa benchi la besi. Wakikosea noti, subiri mpaka wakuulize. Najua hilo la mwisho litakushinda, lakini jaribu hata robo saa.